Zamu ya Mitunguu

Kibirichia, Jumamosi 5 Oktoba 2013

Pijo imerudi nyumbani, ila imerudi na homa.

Nianze na habari ya gari lenyewe, maana siku moja wajukuu watalisoma daftari hili na watadhani bibi yao alikuwa na gari lake. Sikuwa nalo. Nilikuwa na nusu. Nusu ya pili ni ya Cicily wa Mitunguu. Tulilinunua mwaka 1974, tukiwa walimu vijana wa shule moja ya wasichana, kutoka kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Pijo 404, rangi ya chai ya maziwa. Kisha tukaolewa, Cicily akashuka Mitunguu kwenye joto na ndizi, mimi nikapanda huku kwenye baridi na viazi. Waume zetu walitaka gari liuzwe. Tukakataa katakata. Tukapatana likae kwangu kuanzia Oktoba mpaka viazi vya vuli viishe kuvunwa, na kwake miezi inayobaki. Zamu yake ni ndefu kuliko yangu. Kila nikimwuliza sababu, hunijibu kwamba yeye ndiye mkubwa. Waume wamekwenda, Mungu awapumzishe, na gari lipo.

Siku ya kukabidhiana tuna kazi yetu. Tunamwaga maji ya rejeta pamoja, tunaisuuza, tunatia kulanti mpya, ile dawa ya kijani ya kupoza injini. Hii ilianza pale Cicily alipoona umande umeganda juu ya majani ya viazi vyangu, akaapa kwamba maji yataganda ndani ya injini na kuipasua. Nilifundisha sayansi maisha yangu yote, kwa hiyo nilimweleza kwamba baridi ya Kibirichia haina nguvu hizo, ila kulanti ni nzuri kwa kuzuia kutu. Hakusikia. Basi kila mtu akabaki na sababu yake, na kulanti ikatiwa. Maji ya zamani tunayakinga kwa beseni na kuyatazama. Yakitoka ya kijani safi, aliyekuwa na gari amelitunza. Yakitoka na rangi ya kutu, atasikia maneno mpaka chai iishe.

Leo nilipofika kwake Mitunguu Cicily hakutoa beseni. Alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Kaari, mvua inakuja. Hayo maji nilibadilisha jana mimi mwenyewe. Wewe chukua ndizi zako uende."

Peke yake! Haijawahi kutokea. Lakini wingu lilikuwa zito kweli, nikapakia ndizi nikaondoka. Nilipouacha mji wa Meru na kuanza kupanda, mshale wa joto ukapanda pamoja nami. Kabla ya kufika kwetu boneti ilikuwa ikitoa mvuke. Nilisimama kando ya barabara nikangoja ipoe, nikaongeza maji ya kunywa niliyokuwa nayo, nikafika nikiomba njia nzima.

Jumapili 6 Oktoba

Baada ya kanisa nimevaa gauni langu la shambani, nikalala chini ya gari na kufungua koki ya rejeta. Hakikutoka kitu. Nimechokoa kwa waya. Kikatoka kitu kizito, cha kahawia, chenye madonge, na harufu ya uchachu niliyoijua tangu utoto.

Uji. Uji wa wimbi, ule uliochachushwa, ule tunaowapelekea watu wa harambee kwa mitungi.

Nimeketi juu ya kigoda nikashindwa hata kukasirika.

Jumatatu 7 Oktoba

Leo nimeweza kukasirika. Nimempigia simu.

"Cicily, ulitia nini kwa rejeta?"

"Kulanti."

"Nimetoa uji."

Nikasikia jogoo wake akiwika. Kisha akasema, "Basi mwulize huyo aliyekuuzia maji huko njiani," akakata.

Miaka yote hii tumegombana juu ya waume, juu ya kanisa, juu ya nani aligonga taa ya nyuma pale sokoni. Juu ya maji ya gari hajawahi kunidanganya. Nimeumia, nasema kweli.

Alhamisi 10 Oktoba

Kaberia, fundi wetu wa hapa senta, amekuja na kelele zake. "Mwalimu, hii gari si ya barabara, hii ni ya makumbusho!" Husema hivyo kila mwaka, kisha hulipapasa kama ng'ombe wa maziwa. Tumefungua paipu ya juu na ya chini, tukasukuma maji kutoka chini kwenda juu ili uchafu utoke ulikoingilia. Uji ulitoka, ukatoka, ukatoka. Kaberia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu alitaka kuilisha, Mwalimu. Aliona ni mgeni, imetoka mbali."

Sikucheka naye. Jioni nilifunga thamostati, ile vali ndogo ya kupitisha maji, kwa uzi, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, nikatazama kama itafunguka maji yakipata moto. Ikafunguka vizuri. Angalau hiyo imepona. Mboga ya jioni imechelewa.

Jumamosi 12 Oktoba

Mvua. Tumepanda viazi.

Jumapili 13 Oktoba

Mvua. Mchungaji amehubiri juu ya kusamehe. Nani amemwambia?

Jumamosi 19 Oktoba

Kulanti mpya imeingia, nusu kulanti, nusu maji yaliyochemshwa yakapoa. Nimewasha injini kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, nikangoja mapovu yaishe. Hii ndiyo sehemu ambayo Cicily huipenda. Huinama na kusema, "Inacheua," kisha yanapoisha husema, "Sasa imelala." Leo mapovu yameisha na hakuna aliyesema neno.

Jumanne 29 Oktoba

Koome amepiga simu kunijulia hali. Ni mwana wa kwanza wa Cicily, anafanya kazi ya ofisi Embu na anakaa huko huko, mtaa wa Majimbo, na familia yake. Nilimshika mikononi alipozaliwa. Aliniuliza gari linaendeleaje, nami nikamwaga yote, uji, madonge, mama yake kunikatia simu. Nilitia na chumvi kidogo.

Hakucheka kama nilivyotarajia. "Uji, Anti? Uko shua?"

"Nimesuuza kwa mikono yangu."

"Sawa, Anti. Asante kwa kuniambia."

Baada ya simu nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekunwa mgongo. Haikudumu.

Jumatano 6 Novemba

Mvua ya mawe kidogo. Viazi vimeinama ila havijakatika.

Jumamosi 16 Novemba

Koome amekuja, na viatu vyake vya ofisi vikajaa matope kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu. Nimempa viazi vya kuchemsha na chai. Alikula taratibu, nikajua ana jambo.

"Anti, nimepata mtu Nairobi anataka hiyo Pijo. Yeye hukusanya gari za zamani. Ataitunza poa sana."

Nikamwuliza ni nani aliyesema inauzwa.

"Mamangu ameiingiza kwa mfereji mara mbili mwaka huu. Mara ya pili alisema ni ng'ombe alikuwa anahepa. Hakukuwa na ng'ombe, Anti, niliuliza. Sasa hii ya uji. Amezeeka, ni vile hataki kukubali. Siku moja ataumiza mtoto wa mtu." Akaweka kikombe chini. "Gari ni yenu nusu nusu. Wewe ukikubali, yeye hana la kusema. Tungetaka iende kabla zamu yake ianze."

Nilisema nitafikiria. Ningeweza kusema hapana pale pale. Sikusema, kwa kuwa kipande fulani cha moyo wangu kilikuwa bado kikinusa uji.

Jumapili 17 Novemba

Nimeingia ndani ya Pijo na kuketi tu, haikuwa safari. Mvua inapiga paa na viti vinanuka vile vile, vumbi na ndizi mbivu.

Nimekumbuka safari yetu ya kwanza kwenda Embu, likizo ya Agosti, tukiwa na vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Pale kwenye madaraja ya kuelekea Chuka polisi alitusimamisha. Alichungulia kiti cha nyuma, akachungulia hata buti, kisha akauliza, "Mwenye gari ako wapi?" Tukajibu kwa pamoja, "Mimi!" Hakujua amwandikie nani makosa, akatuacha. Tulicheka mpaka Runyenjes. Cicily ndiye alikuwa kwenye usukani. Aliendesha kama anavyoimba, kwa sauti kubwa na bila kuogopa.

Mwanamke huyo hawezi kutia uji kwenye rejeta. Kwa nini nimechukua wiki zote hizi kuliona hilo?

Jumamosi 30 Novemba

Mvua. Barabara haipitiki. Koome amenitumia ujumbe, sijajibu.

Jumamosi 7 Desemba

Mvua.

Jumatano 18 Desemba

Nimerudi kutoka Mitunguu.

Barabara ilikauka juzi. Leo nikatia viazi kwenye buti na kushuka bila kupiga simu. Joto la kule lilinipokea kabla ya mtu yeyote. Cicily alikuwa kibarazani akichambua maharagwe. Nilizima injini, naye akainua uso na kutabasamu, lakini tabasamu lilielekea kwenye mgomba, si kwangu.

"Hiyo ni Pijo," akasema. "Thamostati iko sawa?"

"Iko sawa."

"Na wewe uko sawa?"

"Mimi nimekuja kugombana."

"Basi ingia ndani tugombane na chai."

Alikwenda jikoni akipapasa ukuta. Nilimfuata. Akachukua kikombe, akakunja kidole cha shahada ndani ya mdomo wa kikombe, akamimina chai mpaka ikamgusa kidole. Akaacha. Hakumwaga hata tone. Akachukua cha pili, akafanya vile vile.

Pembeni mwa mlango kulikuwa na mitungi miwili ya plastiki, ya manjano, sawasawa. Nikainusa. Mmoja ulikuwa na maji. Mwingine ulikuwa na uji.

"Tangu lini, Cicily?"

Aliketi. "La kulia, mwaka juzi. La kushoto linalifuata. Daktari kule Embu alisema ni presha ya macho. Dawa nilizo nazo ni za kushikilia lililobaki. Lililokwenda halirudi."

"Na ulikuwa unaendesha!"

"Mpaka Agosti. Ile siku ya mfereji nilishuka nikarudi nyumbani kwa miguu, nikaweka ufunguo kwa Biblia. Sijaendesha tena, Kaari. Naapa."

"Na uji?"

Akajifunika uso kwa mikono, nikadhani analia, kumbe anacheka na kulia kwa pamoja. "Nilitaka ukute nimeshamaliza. Ungeleta beseni ungeniuliza maji ni rangi gani, ningekuambia nini? Nilikuwa nimepikia akina mama wa kanisa uji tangu alfajiri. Nilinusa, nikafikiri ni mikono yangu."

Nilimwambia kwamba nimeshamweleza Koome habari ya uji, na kwamba Koome amepata mnunuzi. Nilitaka ajue kutoka kwangu. Kicheko kikakatika.

"Basi umeniuzia gari."

"Sijauza kitu."

"Kaari, mimi sitaki kuendesha. Nilijua hayo yameisha. Nilinyamaza kwa sababu wakijua siwezi kuendesha, watasema zamu yangu ni ya nini. Mume wangu Bundi amekwenda, watoto wako Embu na Nairobi, macho nayo yanaaga. Nataka gari lije kwangu zamu yangu. Nikikaa hapa nisikie linapoa, ile tik, tik, tik ya bati. Nijue nina kitu ambacho mwenzangu ananiletea na ambacho nitamrudishia. Ni hilo tu."

Tulikunywa chai. Nilimshika mkono, jambo ambalo hatufanyi. Kabla sijaondoka nilimwambia sharti langu ni moja, amweleze Koome ukweli wa macho yake yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akasema, "Baada ya Krismasi." Nikasema, "Kabla." Akasema mimi ni mdogo wake na ninapenda kuamuru. Nikasema ndiyo.

Njia nzima nimejilaumu. Nilitazama maji ya gari miaka yote hii na sikumtazama mwenye gari usoni.

Jumanne 24 Desemba

Cicily amepiga simu. "Nimemwambia." Nyuma yake nilisikia mtu akipenga kamasi, mwanamume.

Jumamosi 4 Januari 2014

Koome tena, safari hii kwa gamubuti. Ameanza kujifunza Kibirichia.

"Anti, mimi si mtu mbaya. Sikujua ni macho. Ningejua ningempeleka hospitali mapema. Lakini sasa si ndiyo sababu zaidi ya kuuza? Haoni. Hiyo gari itakaa kwake kufanya nini?"

"Itakaa zamu yake."

"Na nani ataendesha?"

"Mimi."

"Wewe uko hapa Kibirichia."

"Nitakuwa kule."

Alinitazama kama wanafunzi walivyonitazama nilipowaambia hewa ina uzito. "Na hii nyumba, Anti?"

"Nyumba haina magurudumu, haitaenda popote. Kaberia atalima shamba, tutagawana. Gari likishuka, mimi nashuka nalo. Likipanda Oktoba, mama yako anapanda nalo, avae masweta, aone baridi ambayo eti inapasua injini."

Akauliza macho yangu mimi yakoje. Swali zuri, na sikulipenda. Nikamwambia nitaenda kupimwa. Akasema atanipeleka yeye. Tukaachia hapo, na mtu wa Nairobi akatafute Pijo nyingine.

Alhamisi 16 Januari

Nimepimwa Embu. Miwani mpya, basi. Koome alisoma karatasi ya daktari juu chini na chini juu kabla ya kunirudishia.

Ijumaa 31 Januari

Viazi vimetoka, vikubwa. Asubuhi kulikuwa na umande ulioganda kwenye mabua. Nimefunga dirisha la chumba cha marehemu mume wangu Muthamia, nimefunika kitanda, nimemwachia Kaberia ufunguo. Sikutegemea kulia kwa sababu ya jiko lililopoa, lakini nimelia.

Mitunguu, Jumamosi 1 Februari

Tumebadilisha maji leo, wote wawili.

Tuliacha injini ipoe mpaka Cicily alipoweka kiganja juu ya rejeta na kusema tayari. Yeye alifungua kifuniko cha juu, mimi nikalala chini na kufungua koki. Maji yakaanza kuanguka kwenye beseni. Kuku wakaja, Cicily akawafukuza kwa kanga, maana kulanti ni tamu na ni sumu.

Kisha akauliza, kama alivyouliza kila mwaka, "Rangi gani?"

"Kijani."

"Usinibembeleze, Kaari."

"Kijani safi. Ila…" Nikainama. Chini ya beseni kulikuwa na chembe nyeusi nyeusi. Nikazichukua kwa kidole. "Cicily, bado wimbi lako linatoka."

Alicheka mpaka akaketi chini kwenye udongo, nami nikacheka nikiwa nimelala chini ya gari na maji yananiingia kwenye mkono wa gauni. Jirani alichungulia juu ya ua akadhani tumegongwa.

Tulisuuza. Tulitia mpya polepole. Niliwasha injini, hita wazi, naye akasimama mbele akasikiliza. "Inacheua," akasema. Tukangoja. "Inacheua bado… Sasa imelala." Nilitazama. Mapovu yalikuwa yameisha.

Jumapili 2 Februari

Nimelala chumba cha wageni, joto limenimaliza. Mbu wa Mitunguu hawana adabu.

Kabla ya kwenda kanisani nilifungua boneti kutazama maji, maana baada ya kubadilisha huwa yanashuka kidogo usiku wa kwanza. Cicily alikuja nyuma yangu amevaa nguo zake za Jumapili, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kuliko changu. Nilipotoa kifuniko cha rejeta alinisukuma mkono.

"Toka. Ni zamu yangu."

Akapapasa mpaka akapata mdomo wa rejeta, akakunja kidole cha shahada ndani yake, vile vile kama kwenye kikombe.

"Yamepungua kidogo," akasema. "Lete mtungi. Na unuse kwanza."

Nikaunusa. Nikamimina polepole, macho yangu yakiwa kwenye uso wake, mpaka aliposema basi.